Jicho Jekundu Miritini

Chai yenyewe ilikuwa ya Kadzo. Aliichemsha yeye, akaitia tangawizi, akaiacha jikoni itokote kwa ajili ya madereva wa trela wanaosimama pale Miritini kabla ya kushika njia ya bara. Jefwa ndiye aliyeikamata sufuria kwa pindo la shati lake, akaiinua, akammwagia.

Ilimpata begani na kifuani. Kadzo hakupiga kelele papo hapo. Alimtazama kwanza, maana si rahisi kuamini kwamba mtoto uliyemlisha uji tangu hana meno amekuunguza kusudi. Kisha ngozi ikamwambia, na yowe alilolitoa lilisimamisha watu hadi ng'ambo ya barabara.

"Mtazameni macho!" Jefwa akawa anawahubiria. "Mutsai huyu! Amemla Kiponda, sasa anatuangalia ni nani wa kufuata!"

Mutsai, kwa lugha ya kwao, ni mchawi. Na huko kwao mwanamke mtu mzima, mjane, mwenye macho mekundu, akishaitwa hivyo mbele ya watu, basi ajue anahesabiwa miongoni mwa wafu. Wazee wamekatwa mapanga kwa ajili ya mvi na macho tu. Watu wanahama, wanakuja mjini, wanapanga vyumba vya mabati Miritini na Magongo, wanaimba kanisani Jumapili hadi sauti zinawakauka, na upuuzi huu wanakuja nao.

Kosa la Kadzo lilikuwa ulimi. Kiponda, kijana wa bodaboda, alikuwa na mazoea ya kuegesha pikipiki yake sambamba na jiko la Kadzo, moshi wote unaingia kwenye chapati. Siku moja Kadzo akachoka. "Utakufa na hilo pikipiki lako," akamwambia, "na mimi matangani siji!" Kesho yake Kiponda akateleza kwenye mchanga, akaingia chini ya trela. Matangani Kadzo alikwenda, tena alilia kweli, lakini alikwenda na jicho la kulia jekundu kama pilipili, na hilo ndilo watu waliloliona.

Jefwa alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mume wa Kadzo. Mama yake Jefwa alipofariki, Kadzo ndiye aliyemlea mtoto. Sasa alikuwa fundi wa makuti, anaezeka mapaa ya hoteli za pwani huko Bamburi, mwanamume mwenye mabega na sauti. Na Kiponda alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Uchungu ule ulikuwa lazima umwangukie mtu, basi ukamwangukia aliye karibu.

Florence, binti yake Kadzo, alimpeleka mama yake hospitali akatibiwe kuungua. Muuguzi aliyemfunga bandeji akamwona anavyolikwepa dirisha, mkono usoni, machozi yanachuruzika upande mmoja. Akamwelekeza chumba cha macho. Huko walimkuta Daktari Nadira, mwanamke wa Kisauni, koti jeupe juu ya buibui, asiye na haraka wala mzaha. Alimkalisha Kadzo, akamwegemeza kidevu kwenye mashine, akamchungulia kwa muda.

"Nani amekwambia ni moshi wa jiko?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi ulijidanganya, mama. Jicho limevimba kwa ndani, hapa penye duara la rangi. Ndiyo maana mwanga unakuchoma."

"Kwa hiyo si uchawi," Florence akasema kwa uchungu.

"Hebu!" Nadira akamkata kauli. Akatoa kichupa kidogo cha dawa nyeupe kama maziwa. "Nisikilize, maana dawa hii haina urafiki na mtu. Itikise kila unapotaka kutia, inatuama chini. Sasa hivi ni kila saa. Ukirudi nikikuona unaendelea vyema nitakupunguzia, kisha nitapunguza tena, pole pole mpaka tuiache. Usiiache ghafla, moto utarudi mkali kuliko huu. Wala usijiongezee kwa kuwa imekupendeza. Inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo unaweza usiisikie kabisa. Unakuja kushtuka huoni. Ndiyo maana kila ukija nitakupima."

"Haya, mwanangu."

"Na usimpe mtu. Hata huyu hapa." Akamwonyesha Florence. "Dawa hii inazima moto kwa kuwalaza askari wa jicho. Mtu akichomwa na mwiba, au na jani, kikaingia kidonda, ukamtilia hii, vijidudu vinakuta mlango hauna mlinzi. Jicho litakuwa jeupe siku mbili, atakushukuru, halafu litaoza. Wallahi nimeyaona kwa macho yangu."

"Nitajuaje kama ana kidonda?" Kadzo akauliza. Hakuwa mtu wa kuacha swali.

"Mara nyingi kuna doa jeupe juu ya cheusi cha jicho. Lakini si kazi yako kujua, mama. Kazi yako ni kutompa."

Basi Kadzo akawa mtu wa saa. Ananawa mikono, anatikisa, anavuta kope ya chini, anadondosha, anabana pembe ya jicho penye pua kama alivyoonyeshwa, kisha anarudi kwenye chapati zake. Maumivu yakapungua. Wekundu ukafifia, ukabaki kama chai ya rangi, halafu jicho likawa jicho. Na watu, bila haya, wakaanza kumsalimia tena.

Ila Nguma. Huyu alikuwa kaka yake Kiponda, mpakuzi wa mizigo mwenye mikono mizito. Kila asubuhi alipita kibandani, hanunui hata andazi, anainama tu mbele ya Kadzo na kumchungulia usoni kama anayekagua samaki sokoni.

"Leo yako meupe," anasema. "Siku yakirudi, na sisi tutarudi. Na chai hatutaitaka."

Kadzo alikuwa akimtukana, na matusi alikuwa nayo ya kutosha. Lakini Nguma akishaondoka, Kadzo anakaa kwenye gunia la makaa na kukishika kichupa chake kifuani. Kile ndicho kilichosimama kati yake na mapanga, na alijua.

Ilikuwa Ijumaa ya kuelekea Pasaka, madereva wameshakula na kuondoka, Florence bado kazini, Jefwa alipoingia kibandani amevaa miwani ya jua. Kadzo akadaka upawa.

"Shikamoo, mama."

Kadzo hakuitikia marahaba. "Umekuja kumalizia upande wa pili?"

Jefwa akavua miwani, akageuka haraka asije akaonwa kutoka barabarani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba, limeiva wekundu, linatoa uchafu kwenye kope.

"Nimesikia una dawa inayong'arisha macho," akasema, sauti ameishusha. "Nitilie tone moja tu. Mimi kesho nipo na Nguma na wenzake. Wakiniona hivi, mama, unajua watasemaje."

Loo! Kadzo alifurahi, na tusimsitiri: alifurahi mpaka mwili ukamtetemeka. Huyu hapa. Huyu aliyewaita watu waje wamtazame macho, leo anaficha la kwake kama mtoto aliyejikojolea. Bega lake lenye kovu likamwasha. Akakitoa kichupa.

"Kaa," akamwambia. "Inua uso."

Jefwa akakaa kwenye benchi, akalaza kichwa nyuma, koo lote wazi. Kadzo akakitikisa kichupa. Akavuta kope ya chini kwa kidole. Ndipo akaliona, juu ya cheusi cha jicho: doa jeupe, la kijivu kidogo pembeni.

"Umechomwa na nini?"

"Kuti tu. Nilikuwa juu ya paa Bamburi, jani likanichapa. Tilia, mama, linaniua."

Hakuna aliyekuwepo. Na kosa asingekuwa nalo, maana si yeye aliyemwita, na mtu angemuuliza nini? Angedondosha tone, jicho lingetakata, Jefwa angemshukuru kwa mikono miwili. Kisha lingeoza pole pole, na yeye angekuwa anakaanga mahamri yake. Kadzo aliyawaza yote hayo, na mkono ulikuwa umeshashuka hadi kichupa kikakaribia kope.

Machozi yakamtoka Jefwa, si ya kulia, ni yale ya jicho linalochukia mwanga. Kadzo aliyajua machozi yale. Alijua jinsi kichwa kinavyopasuka upande mmoja, unavyotamani kulichimbua jicho kwa kijiko. Si mapenzi yaliyomzuia, wala si ukristo. Alijua tu lile jicho limefika wapi, maana lake lilishapita hapo.

"Sikutilii," akasema, akakifunga kichupa, akarudi nyuma. "Una kidonda. Dawa hii italiozesha. Nenda hospitali sasa hivi, wala usipitie nyumbani."

Jefwa akafumbua jicho zima. "Unaninyima?"

"Nakwambia utakuwa kipofu, mjinga wewe!"

"Unaninyima ili wanione!" Akasimama, benchi likaanguka, mguu wake mmoja ukavunjika. "Wewe yako yametakata, mimi uniache nichinjwe! Lete!"

Alimrukia. Kadzo akamchapa upawa wa mbavu, wa pili ukampata shingoni, lakini mwanamume anayebeba makuti kwenye ngazi kutwa hashindwi na upawa. Alimkamata mkono wa kushoto, akaupinda, akaubana kwenye meza. Kadzo akamuuma kidole mpaka akasikia ladha ya damu. Jefwa akapiga ukelele, akamsukuma ukutani, mabati yakalia, masahani yakamwagika. Kichupa kilikuwa bado kwenye ngumi ya kulia. Kadzo akaona hana nguvu za kukilinda. Atakichukua. Atajitilia mwenyewe, tena si tone moja.

Basi akaking'oa kifuniko kwa meno, akakigeuza kichupa juu ya jiko, akakikamua chote kwenye makaa.

Makaa yakafanya shii. Harufu ikapanda. Jefwa akakodoa yale makaa kama mtu aliyeona nyumba yake inaungua, halafu akauinua mguu wa benchi uliovunjika na kumpiga nao. Pigo lilitua kwenye ule mkono wa kushoto, na Kadzo akausikia mfupa ukilia.

"Nipige!" alimpigia kelele kutoka sakafuni. "Nivunje na mwingine! Lakini uende hospitali, shetani wewe, jicho litakupasuka!"

Jefwa akatupa kile kipande cha mti, akavaa miwani yake na kukimbia. Alikwenda hospitali. Si kwa kumwamini Kadzo, la. Ni kwamba hakubakiwa na dawa nyingine.

Florence aliporudi akalia, akakasirika, akamfunga mama yake mkono kwa vipande vya mbao na kanga. "Umemwaga dawa yako kwa ajili ya Jefwa?" akauliza, akauliza tena, na kila mara Kadzo akajibu, "Hebu niache." Hospitali alikataa kwenda. Vijana wa Nguma walikuwa wamekaa stejini, zinaposimama bodaboda, na jicho lilikuwa limeshaanza kuwasha. Florence akazunguka maduka ya dawa hadi Magongo. Mwenye duka mmoja akamwambia dawa hiyo bila karatasi ya daktari hatoi, na alisema kweli, ingawa siku ile kweli yake iliwaudhi. Karatasi iko kwa Nadira. Kliniki ya Nadira imefungwa mpaka Pasaka ipite.

Jumapili jicho likarudi lote. Nadira hakutia chumvi: moto ule ulikuwa mkali kuliko wa kwanza. Kadzo alishinda ndani amejifunika kitambaa, watu wanaimba kanisani, yeye anaomba jua lizame. Jumatatu asubuhi Florence akamchemshia chai kwenye jiko la kibandani, akaliacha na makaa yake, akaondoka kwenda hospitali kubwa kisiwani kumtafuta daktari wa zamu. "Usifungue mlango," akamwambia mama yake.

Mlango haukuhitaji kufunguliwa. Jiwe la kwanza liligonga bati juu ya kichwa chake, na baada ya hapo ilikuwa mvua.

"Toka, mutsai! Toka tulione jicho!"

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kibanda, na Kadzo alijua bati halizuii petroli. Mchawi anayejificha anachomwa na nyumba yake. Akatoka, mkono umefungwa shingoni, kitambaa amekitupa. Kama ni kumwona, wamwone.

"Haya, tazameni!" akawaambia. "Mnataka na meno niwaonyeshe?"

Umati ukaguna. Mbele alisimama Nguma na panga, na kwa mkono wa pili amemshika Jefwa kwa kola. Jefwa alikuwa na kifuniko cha plastiki kilichotobolewa matundu, kimebandikwa kwa plasta juu ya jicho la kushoto.

"Kiponda hakukutosha!" Nguma akanguruma. "Sasa umekula na jicho la mtoto wako! Nimemuuliza nani amekufanya hivi, hasemi. Umemfunga ulimi!" Akamtikisa Jefwa. "Sema! Si yeye huyu?"

Jefwa akainamisha kichwa. Kadzo akamtazama. Moyo wake ulikuwa unapiga hadi kwenye mfupa uliovunjika. Neno moja la mpumbavu huyu, moja tu, na yeye atakuwa hai au maiti.

Jiwe likatoka nyuma ya umati, likampasua Kadzo juu ya nyusi. Damu ikamwingia jichoni. Akayumba, akashika nguzo.

"Subirini," Jefwa akasema.

Hakuna aliyesikia. Jiwe la pili likampata Kadzo nyongani.

"Subirini!" Akakibandua kile kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Jicho likaonekana, jekundu kama la Kadzo, tena baya zaidi. "Hili nalo mnalionaje? Mbona hili hamlipigi? Ni kuti lilinichoma, Bamburi, juu ya paa! Nilikwenda kwake kumnyang'anya dawa. Ingenipofua, akaimwaga. Daktari ameniambia. Mkono ule nimeuvunja mimi!"

Kadzo aliona nyuso mbili tatu zikigeuka pembeni. Lakini Nguma alikuwa na ndugu aliyelala mchangani, na mtu wa namna hiyo hataki kuti wala daktari.

"Keshamgeuza," Nguma akasema pole pole. "Mtazameni jicho. Ni wawili sasa."

Ubapa wa panga ulimpiga Jefwa mdomoni. Meno yakatoka na damu, akapiga magoti, na wale waliokuwa wanamtii juzi ndio waliokuwa wa kwanza kumpiga mateke. Kadzo hakufikiri. Alijitupa kwenye miguu ile, akamdaka Jefwa kwenye kola kwa mkono wake mzima, akamburuta kinyumenyume akipokea mateke ya mgongo, kupita jiko, kupita masufuria. Alipolifikia jiko alilipiga teke, makaa na majivu yakawamwagikia miguuni, wakaruka nyuma wakitukana. Ilitosha. Wakaingia chumbani, komeo likashuka.

Mawe yakaanza upya. Mlango ulikuwa wa mbao na bati, unatetema kila unapopigwa. Jefwa alikaa sakafuni akitema damu, anatweta, anamtazama kwa jicho moja.

Ndipo simu yake ikalia mfukoni, mlio wa saa ya kuamsha.

"Nini hiyo?"

"Dawa," Jefwa akasema kwa mdomo uliovimba. "Kila saa. Wamesema nikikosa, linatoboka."

Akatoa vichupa viwili mfukoni. Akajaribu kufungua kimoja, kifuniko kikamponyoka na kubingirika chini ya kitanda. Kadzo akavuta pumzi. Akamwambia Jefwa ammiminie maji ya mtungi juu ya kiganja chake kilichojaa damu na majivu, akakisugua kwa sabuni kwenye kanga yake, akakisuuza. Akapiga magoti mbele yake.

"Inua uso."

Jefwa akainua. Koo likawa wazi tena, kama siku ile. Jiwe likatoboa bati la dirisha, likaanguka kati yao. Kadzo akalisubiri litulie, akamwambia Jefwa avute kope mwenyewe, akadondosha tone bila ncha ya chupa kugusa jicho.

"Fumba. Usikamue."

"Na wewe tia," Jefwa akasema, machozi yanamtoka pande zote mbili. "Lako limekuwa kama langu. Tia, mama."

"Hii yako inaua vijidudu. Mimi sina vijidudu, nina moto." Akakifunga kile kichupa kwa pindo la kanga. "Florence ataniletea yangu."

Panga likapenya katikati ya mbao za mlango, ncha yake ikang'aa, ikatoka, ikapenya tena. Barabarani honi ya trela ikalia, ikajibiwa na nyingine, na sauti za madereva zikasikika zikiuliza kwa ukali kuna nini hapo kwa Mama Florence. Zilikuwa bado mbali.

"Kuna cha pili," Jefwa akasema, akikionyesha kichupa kingine. "Lakini wamesema lazima nisubiri dakika tano, kisije kikaosha kile cha kwanza."

"Basi tutasubiri," akasema Kadzo, akainuka, akauegemeza mgongo wake mlangoni.